Haki Langoni: Uwanja wa Ndege wa Mombasa na Sisi wa Thika na Ruiru

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa waumini na wanaharakati wa mageuzi wa Thika na Ruiru)



Tulipotangaza kwamba mazungumzo ya leo yatahusu uwanja wa ndege wa Mombasa, baadhi yenu mlitabasamu. Mliuliza: jambo hilo latuhusu nini sisi watu wa bara? Wengi wetu hatujawahi kupanda ndege. Tukienda Mombasa twaenda kwa basi au kwa gari la moshi, na aghalabu ni kwa harusi au kwa mazishi. Hoteli za ufuoni tunaziona kwenye kalenda. Swali lenu ni la haki, na tunaliheshimu. Jibu letu ni fupi: uwanja ule ni mali ya umma, nasi ni umma. Mwenye mali asiyeuliza habari za mali yake hana tofauti na asiye na mali. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na uwanja wenyewe. Uko Port Reitz, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, upande wa bara. Ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, ukatumiwa na ndege za vita. Mwaka 1979 ulipandishwa hadhi ukawa wa kimataifa, ili ndege kubwa za watalii kutoka Ulaya ziweze kuteremka pwani moja kwa moja bila kupitia Nairobi. Njia yake kuu ya kurukia na kutua ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Tangu mwaka 1991 umekuwa chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya Bunge. Kwa hivyo hakuna ubishi juu ya mwenyewe. Mwenyewe ni mwananchi, na shirika ni mtunzaji tu.

Lakini uwanja huo ulipewa jina la rais aliyekuwa madarakani, na jina hilo unalo mpaka leo. Katika miaka ile jina hilohilo liliandikwa kwenye barabara, shule, chuo kikuu, sikukuu ya taifa, na hata uwanja wa michezo wa Kasarani ambao sote tunaupita tukienda Nairobi. Mwenye jina alifariki mwaka 2020, nasi hatukuja hapa kumsema marehemu. Tunachosema ni hiki: mali ya umma ikiitwa kwa jina la mkubwa, polepole watu huizoea kuwa ni yake. Wakisha kuizoea, huona kuuliza hesabu zake ni utovu wa adabu. Chama kimoja hakikutawala kwa sheria peke yake. Kilitawala pia kwa kutuzoesha kunyamaza mbele ya mali yetu wenyewe.

Ndugu wapendwa, Waswahili wana methali isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni huleta heri kwa mwenye nyumba. Tuichukue methali hiyo kuwa kipimo chetu leo. Kwa zaidi ya miaka 40 ndege zimewateremsha wageni Port Reitz, nao wakapelekwa Diani, Nyali, Bamburi, Shanzu, Kikambala, Watamu na Malindi. Mwenyeji amepona?

Ninyi mnaotoka Ruiru mtalielewa jibu haraka kuliko wengine, kwa sababu mnaijua kahawa. Hapo Ruiru ndipo kilipo kituo cha utafiti kilichotupatia mwaka 1985 aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili magonjwa. Ujuzi ulikuwa wetu, na jasho lilikuwa letu. Lakini mkulima anayechuma matunda mekundu hajui kikombe kimoja kinauzwa kiasi gani London au Frankfurt, na sehemu inayomrudia ni ndogo mno. Utalii wa ufuoni ulijengwa kwa mtindo uohuo. Mtalii alilipa kwao, kwa kampuni ya kwao, fedha za ndege, za chumba na za chakula zote pamoja, kabla hajafunga sanduku. Ndege ilikuwa ya kampuni ya kwao. Kilichofika Kenya ni ile sehemu iliyotumwa kulipia hoteli, na katika hoteli hiyo mwenyeji alipata mshahara wa mpishi, wa mtunza bustani, wa mlinzi wa usiku. Hatudharau kazi hizo. Wana wetu wengi walisomeshwa nazo. Lakini ujira ni kitu kimoja, na kupona ni kitu kingine.

Tazameni mambo matatu yaliyotukia kwenye njia za mgeni huyo.

La kwanza ni la tarehe 29 Aprili 1994. Feri ilizama Mtongwe, wakafa watu 272. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliovuka asubuhi kwenda kutafuta riziki kisiwani. Ndege ya mgeni ilikuwa imeandaliwa zaidi ya kilomita 3 za lami safi. Mfanyakazi aliandaliwa chombo kilichojaa kupita kiasi. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo makusudi yake ni kuunganisha upande wa uwanja wa ndege na pwani ya kusini bila feri, ilianza kufunguliwa kwa awamu mwaka 2018, miaka 24 baada ya msiba ule.

La pili ni la Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Usiku wa tarehe 13 kundi lenye silaha lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na machafuko yakaenea pwani ya kusini. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama makwao. Walioandamwa hasa walikuwa wabara: Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Baadhi ya jamaa zetu walirudi huku Thika na Ruiru na mabunda yao, na tuliwapokea katika makanisa haya haya. Watalii walivunja safari, hoteli zikafungwa, na maelfu wakapoteza kazi, wenyeji na wageni sawia. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza mapigano hayo, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Hakuna mwanasiasa mkubwa aliyehukumiwa.

Hapa, ndugu zetu, yatupasa kusema ukweli unaouma. Mwaka 1997 tulilia kwa ajili ya watu wetu, na ilikuwa haki kulia. Tuliwalaani waliochochea, na ilikuwa haki kulaani. Lakini hatukuuliza ni chuki gani waliyoikuta tayari, wakapata pa kuwashia moto. Hatukuuliza kwa nini kijana wa Kidigo aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini hakuwa na hati ya shamba la babu yake, huku viwanja vya ufuoni vikigawanywa na watu ambao hakuwahi kuwaona. Hatukuuliza kwa nini njia ya wavuvi ilizibwa kwa ukuta. Baadhi ya wakubwa waliojipatia ardhi kule walitoka kwetu huku bara, na sisi tulijivunia kuwa nao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kote nchini. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikiri kwamba ardhi ni jeraha kubwa la Pwani. Tulikuwa na nafasi ya kuyasoma hayo makanisani. Hatukuyasoma.

Wala hatuwezi kusema kwamba hatukuelewa. Sisi tunaoishi kando ya mashamba makubwa ya mananasi na ya kahawa tunajua maana ya kuzaliwa karibu na ua ambao hukuujenga. Tunakumbuka viwanja vya shule na vya soko vilivyopatiwa hati kwa siri. Jeraha la Mdigo lilikuwa jeraha letu, ila liliitwa kwa jina lingine. Aliyetufanya tusitambuane ndiye aliyefaidika.

La tatu ni la tarehe 28 Novemba 2002. Magaidi waliirushia makombora ndege iliyokuwa ikiondoka Mombasa kwenda Israeli, yakaikosa. Wakati uohuo waliilipua hoteli ya Paradise huko Kikambala. Waliuawa Waisraeli 3 na Wakenya 10. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliosimama mlangoni kuwapokea wageni. Tulitafakari sana jambo hilo. Aliyekufa alikuwa mtu aliyepata sehemu ndogo kuliko wote katika biashara ile, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutabasamu langoni.

Katika Injili ya Luka yumo Lazaro, aliyelala mlangoni pa tajiri akitamani makombo. Tajiri hakumpiga Lazaro. Hakumfukuza. Kosa lake ni kwamba alimpita kila siku bila kumwona. Tusidhani kwamba mfano huo unawahusu watalii peke yao.

Sasa huenda mmoja wenu akasema: haya ni mambo ya uchumi, na sisi tulikusanyika kwa ajili ya mageuzi ya kisiasa. Tunamwomba akumbuke kwamba historia ya vyama vingi yenyewe imepitia Diani. Mzee Kenneth Matiba, mwana wa Murang'a, alikuwa mwenye hoteli huko, zikiwamo Jadini na Africana Sea Lodge. Alitiwa kizuizini Julai 1990, siku chache kabla ya Saba Saba, kwa sababu alidai pamoja na Charles Rubia kwamba Wakenya waruhusiwe kuunda vyama vingine. Aliugua kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena kama zamani. Biashara yake ya hoteli nayo ilididimia. Alifariki mwaka 2018. Wazee wengi waliomo humu walimpigia kura mwaka 1992. Basi wasije wakasema kwamba ufuo wa Diani na sanduku la kura ni mambo mawili yasiyojuana.

Tazameni pia Eldoret. Katikati ya miaka ya 1990, wakati shule hazina madawati na hospitali hazina dawa, serikali ilijenga uwanja mwingine wa ndege wa kimataifa, karibu na nyumbani kwa rais. Wabunge wa upinzani walipinga, wafadhili wakanung'unika, na viongozi wa dini wakauliza maswali. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1997, mwaka uleule wa Likoni. Tangu wakati huo umetumika zaidi kwa mizigo na kwa safari za ndani. Hatusemi kwamba watu wa Eldoret hawakustahili maendeleo. Wao nao hawakuulizwa wanataka nini kwanza. Mkubwa aliamua mahali, akaamua ukubwa, akaamua mjenzi, na mlipa kodi wa Thika, wa Eldoret na wa Likoni akaletewa deni.

Ibara ya 2A ilifutwa Desemba 1991, na vyama vikaja. Katiba mpya ikapatikana tarehe 27 Agosti 2010. Tukashangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini baadhi yetu tulirudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Tulidhani kwamba wakibadilika watawala, daftari litafunguka lenyewe.

Daftari halifunguki lenyewe. Mwaka 2024 Wakenya waligundua kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imeleta pendekezo la kukabidhiwa uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi kwa miaka 30, kwa ahadi ya kuwekeza dola bilioni 1.85. Mwananchi hakuambiwa na mtunzaji wa mali yake. Aliambiwa na nyaraka zilizovuja, ambazo kijana mmoja Mkenya aliyekuwa masomoni Ufaransa alizitangaza. Chama cha Mawakili na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali, walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 9 Septemba mahakama ikasimamisha mpango huo kwa muda. Tarehe 11 wafanyakazi wa uwanja waligoma, na abiria wakakwama. Tarehe 21 Novemba Rais aliufuta mpango huo akiwa Bungeni, baada ya mwenye kampuni kushtakiwa nchini Marekani, mashtaka ambayo kampuni iliyakanusha.

Tuwe waangalifu katika kulipima jambo hili. Hatusemi kwamba mwekezaji wa kigeni ni adui. Viwanja vyetu vinahitaji fedha, na paa la Nairobi linapovuja mvua huwalowesha wote. Wala tusijisifu kupita kiasi, maana haijulikani mambo yangekwishaje kama mashtaka ya ng'ambo hayangekuja. Lakini somo liko wazi. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Maneno hayo yalikuwamo kwenye karatasi siku zote. Yalipata nguvu siku ile wakili, mfanyakazi na mwanafunzi walipouliza swali moja kwa pamoja.

Je, lingetokea Mombasa tungeliona? Uwanja wa Nairobi uko karibu na mabingwa wa sheria na karibu na magazeti. Uwanja wa Port Reitz uko mbali na macho hayo. Kwa hesabu za serikali, wageni karibu milioni 2.4 waliingia Kenya mwaka 2024, na uwanja wa Mombasa ndio lango la pili kwa ukubwa kwa wanaokuja kwa ndege. Lango la namna hiyo halipasi kuachiwa watu wa Mombasa pekee wailinde heshima yake, kama vile lango la Nairobi halikuachiwa watu wa Embakasi pekee.

Tunapendekeza basi mambo matatu, na tunaomba yajadiliwe katika kila kanisa na kila kikundi kabla hatujakutana tena.

Mosi, tujifunze kuuliza kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kudai habari, na ofisi hiyo hupaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, kuna Tume ya Utawala wa Haki ya kupelekea malalamiko. Hakuna sharti la kuwa wakili. Mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kuiandika barua hiyo. Auliza nani amepewa kandarasi, kwa muda gani, kwa bei gani, na wenyeji walishauriwa lini.

Pili, tuunganike na makanisa na misikiti ya Likoni, Diani na Changamwe. Tusiende kama wabara wanaokwenda kuwafundisha wapwani. Twende kama watu wanaokwenda kusikiliza kwanza, na ikibidi kuomba radhi. Wachochezi wa mwaka 1997 waliweza kutugawa kwa sababu hatukuwa tukizungumza. Karibu na kila uchaguzi watatokea wengine.

Tatu, tuanzie hapa. Barua ya kwanza isiende Port Reitz. Iende kwenye ofisi zetu wenyewe za Thika na Ruiru, kuhusu soko, kituo cha matatu na ardhi ya shule. Nehemia alipoujenga tena ukuta wa Yerusalemu na malango yake, baadhi ya watu walijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba zao. Asiyeweza kuuliza juu ya soko la Ruiru hataweza kuuliza juu ya uwanja wa Mombasa, na mkubwa akimsikia atacheka.

Zamani wazee wa Israeli waliketi langoni kuamua mashauri, na ndiyo maana nabii Amosi alidai haki isimamishwe hapo, penye macho ya watu wote. Malango ya nchi yetu leo ni bandari, mipaka na viwanja vya ndege. Hapo ndipo mgeni anapotuona kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo mali yetu inapoingia na kutoka. Tunataka mgeni aje. Tunataka aje kwa wingi na arudi kwao salama. Lakini tunataka pia yule mama wa Likoni anayewapikia wageni, na yule mkulima wa Ruiru ambaye kodi yake ilijenga lami ya Port Reitz, waweze kulifungua daftari na kusoma. Siku hiyo ndipo tutakapoitamka methali ya wahenga bila kuona haya: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mungu awabariki, na Mungu ailinde Kenya.